Mji mdogo ni mali: tuihesabu sisi wenyewe

Masemi mbele ya vijana wa Dilala na Manika, pamoja na wageni waliotoka Fungurume na Mutshatsha. Tunayatia hapa sawa yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeombwa tuseme juu ya ulizo moja: kuko faida gani kuishi mu mji mdogo? Tunajua lilitoka wapi. Mwaka wa masomo unafikia mwisho, wale wa mwaka wa sita wanangojea matokeo ya mtihani wa serkali, na kila jioni mazungumzo ni ileile. "Miye naenda Lubumbashi." "Miye nitafika mpaka Kinshasa." "Hapa mutu anabakia kufanya nini?"

Hatukuja kumzuia mtu. Mwenye kupata fasi ya kusoma, aende asome. Lakini mbele ya kufunga mzigo, ajue anaacha nini. Na yule anayebaki ajue anachunga nini. Mali ambayo hujui kama uko nayo, mtu anaweza kukunyanganya mchana, ukimwangalia, na hutapiga hata kelele. Hapa kwetu Kolwezi mambo ya namna ile yanafanyika sasa, na ndiyo sababu tumekubali kusema.

Kolwezi ni mji mkubwa ao mdogo?

Kuko mmoja hapa mbele ambaye amekwisha kusema: "Lakini Kolwezi haiko mji mdogo tena." Amesema kweli. Tangu 2015 Kolwezi ni kichwa cha jimbo la Lualaba. Hoteli zimeota, nyumba za ghorofa zimeota, malori ya madini yanapanga mstari ku barabara ya Likasi mchana na usiku. Tuko wangapi? Hakuna anayejua sawasawa, kwa sababu inchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984.

Lakini tuangalie namna mji huu ulivyojengwa. Union Minière ilianzisha Kolwezi mwaka 1937 ili iwe makao ya migodi yake ya upande wa magharibi. Haikujenga mji mmoja. Kando ya migodi na viwanda ilitia kampi za wafanyakazi, na Gécamines ikaendelea vilevile: Musonoi, Luilu, Kapata, Mutoshi. Kampi ilikuwa na masomo yake, dispanseri yake, soko lake, kiwanja chake cha mupira. Hata leo, uliza mzee anatoka wapi. Hatakuambia "Kolwezi". Atakuambia "Miye wa Musonoi", "Miye wa Luilu".

Kwa hiyo Kolwezi ni miji midogo iliyoshikana mikono. Na mbali kidogo kuko wadogo zake: Fungurume, Lubudi, Mutshatsha, Kasaji, Dilolo. Tukisema mji mdogo, tunasema hivi: fasi ambapo mtu anaweza kutoka nyumbani kwa miguu akafika ku masomo, ku soko na ku ofisi ya mkubwa, na njiani watu wanamsalimia kwa jina lake.

Zamani mji ulikuwa wa kampuni

Tusidanganyane juu ya zamani. Wazee wetu wanapenda kusema juu ya posho, juu ya maziwa ya watoto, juu ya hopitali ambayo mtu alitunzwa bila kutosha hata kuta moja. Yote ni kweli, hatukatai. Lakini nyumba ilifuata kazi. Ukifukuzwa ku kazi, unatoka mu nyumba. Kampuni ilijua nani amelala kwako, nani amekunywa, mtoto wa nani amekosa masomo. Ule mji mdogo ulikuwa na macho mingi, na macho yote yalikuwa ya kampuni. Watu walikuwa karibu karibu, lakini waliwekwa karibu ili iwe vyepesi kuwasimamia.

Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 1967 Union Minière ilikuwa imeshakuwa mali ya serkali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 Gécamines ilitosha karibu tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ukabomoka, na kutoka pale kila mwaka ulikuwa mbaya kuliko ule uliopita. Mishahara ikakosa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines mu Katanga wakapewa feza ya mara moja, wakarudi nyumbani. Waliiita "kuondoka kwa mapenzi". Ninyi mnajua yalikuwa mapenzi ya nani.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati posho iliisha na mshahara uliisha, watu wa kampi hizi waliishi na nini? Waliishi na shamba la mbele ya mji. Na kameza ka mandazi mbele ya lango. Na likelemba ya bamama. Na jirani ambaye alisema: "Chukua unga, utanirudishia." Kampuni ilikwenda, ile hali ya kuwa karibu ikabaki. Kwa mara ya kwanza ilikuwa yetu wenyewe. Ile ndiyo faida ya mji mdogo tunayotaka kuizungumzia leo, na tutaifungua vipande vipande ili kila mtu aishike mkononi.

Miguu, jina, na shamba

Kipande cha kwanza ni miguu. Kijana wa Kinshasa anayeishi mbali na katikati ya mji anaamka saa kumi ya usiku ili afike ku kazi asubuhi, na jioni anapigana tena ili apate fasi mu gari. Ule muda hakuna anayemlipa. Mtoto wa Kapata anayesoma Kapata anatembea, anafika. Feza ya manseba inabaki mu mfuko, inanunua daftari. Mama mjamzito akishikwa usiku, majirani wanaweza kumsindikiza mpaka ku dispanseri. Vitu hivi vinaonekana ni kidogo kwa sababu tumevizoea. Uliza aliyehamishwa mbali atakueleza bei yake.

Kipande cha pili ni jina. Mu mji mdogo wewe ni mtu wa fulani, wa barabara fulani. Tunajua hiyo inachosha: huwezi kununua hata chupa moja bila mama yako kusikia. Lakini jina ni benki ya maskini. Mama wa mandazi anakupa deni kwa sababu anajua lango lako. Mwenye duka anakupa mfuko wa saruji nusu ya bei, nusu nyingine mwezi ukiisha. Hakuna mkataba, hakuna riba, hakuna kalani. Likelemba nayo ni vilevile: watu kumi ao kumi na wawili wanatia feza kila juma, mmoja anabeba, na hakuna anayekimbia, kwa sababu atakimbilia wapi?

Na siku ya kilio, mnajua wenyewe. Mbele jamaa haijapata hata turubai, viti vimefika. Vijana wamekata kuni. Bamama wameshaweka sufuria ya bukari ku moto. Daftari la michango linapita lango kwa lango. Mu mji mkubwa mtu anaweza kufa siku tatu na jirani wa ukuta hajui. Hapa mtu akikosa kuonekana asubuhi moja tu, mtu atagonga.

Kipande cha tatu ni shamba na lupango. Kampi za zamani, na zaidi sana Cité Gécamines, zilijengwa na lupango kubwa. Mu lupango kuko mti wa avoka, mti wa maembe, kipande cha lenga-lenga na sombe. Na wengi wa mitaa ya pembeni walikuwa na shamba la mahindi umbali wa mwendo wa miguu. Unga mwingi wa Katanga unatoka Zambia. Zambia ikifunga mupaka ao ikikosa mvua, bei inapanda hapa ndani ya siku chache. Mwenye shamba anasikia uchungu, lakini halali njaa kama asiye na shamba. Shamba karibu na mji ni mshahara ambao hakuna anayeuandika.

Mkubwa yuko karibu, hesabu iko karibu

Kipande cha nne ndicho sisi vijana tunakisahau, na ndicho cha nguvu kuliko vyote. Mu mji mdogo, utawala uko umbali wa miguu.

Wengi wanasema sheria ni ya wenye kusoma. Tusome basi, ni mistari michache. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya redevansi ambayo kampuni za migodi zinalipa. Kwa kila dola 100, dola 50 zinaenda serkali ya kati, 25 zinaenda jimbo, 15 zinaenda mu komini, sekta ao shefri ambako mgodi uko, na 10 zinaenda mu mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kando ya hiyo, kila kampuni inapashwa kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji wanaoizunguka, na feza ile inasimamiwa na chombo ambamo wakaaji wenyewe wana viti.

Sasa niambieni. Mu Kinshasa, mji wa watu zaidi ya milioni 15, nani ataenda kuangalia kama masomo iliyoandikwa ku karatasi imejengwa kweli? Ataanzia wapi? Lakini hapa, kama karatasi inasema kisima kimechimbwa Luilu, unavaa viatu, unaenda Luilu. Kama kisima kiko, unakunywa maji, unarudi. Kama hakiko, umeshajua, na watu wote wa Luilu ni mashahidi wako. Kama karatasi inasema vyumba sita vya masomo vimetengenezwa, mtoto wa dada yako anasoma mule. Atakuambia kama mvua inaingia ao haiingii.

Hakuna mkaguzi anayetoka mbali ambaye anaweza kushinda macho ya mtaa. Kampuni ya zamani ilijua hiyo, ndiyo sababu iliweka macho kila fasi. Macho yaleyale tunaweza kuyageuza upande mwingine. Kampuni ilikuwa inahesabu watu. Sasa watu wahesabu feza.

Na tusiseme hatuna mlango wa kupitia. Tarehe 20 Desemba 2023, mu komini za miji mikubwa ya majimbo, watu walichagua washauri wa komini. Washauri wale si watu wa mbali. Tunaonana nao ku soko, ku kanisa, ku kilio. Kazi yao ni kuuliza feza ya komini imekwenda wapi. Kazi yetu ni kuwauliza wao kama wameuliza.

Lakini mji mdogo si mbinguni

Tutaharibu neno letu kama tukisema tu mazuri.

Mji mdogo unaweza kumfunga binti. Akitembea jioni, anasemwa. Akitaka kusoma uashi ao umeme, anachekwa. Wengi wanaotaka kwenda Lubumbashi hawakimbii umaskini, wanakimbia midomo. Bamama na babaa, hilo ni lenu. Kama tunataka watoto wabaki, tupunguze kuwachunga na tuzidi kuwatetea.

Na kuko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa siasa waliwasha moto wa ukabila mu Katanga, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na hapa Kolwezi. Gare yetu ilijaa watu waliolala juu ya mizigo yao, wakingojea treni. Wengi wao walizaliwa hapa. Wafukuzaji hawakuhitaji orodha, kwa sababu mu kampi kila mtu alijua asili ya jirani yake. Kujuana kulekule kulikokuwa kunaleta unga wakati wa njaa, siku ile kulionyesha lango la kuvunja.

Tunalisema mbele ya wadogo ambao hawakuzaliwa wakati ule, kwa sababu maneno ya namna ile yameanza kusikika tena: nani mwenyeji, nani alikuja. Kazi inapokuwa kidogo, maneno haya yanapata wanunuzi haraka. Kujuana ni kama kisu cha jikoni. Ni juu yetu kuamua kinakata nini. Kijana anayesema "tutetee mtaa wetu" halafu anagawanya mtaa kwa kabila, huyo ameshauuza mtaa mbele kampuni haijaja.

Kile ambacho karatasi haihesabu

Sasa tuingie mu neno lenyewe.

Mwaka 2014, mu Kasulo, watu waligundua kama kobalti iko chini ya nyumba zao. Vishimo vikachimbwa ndani ya lupango, mpaka ndani ya vyumba. Njia za chini zikapita chini ya nyumba ya jirani, na jirani akilala anasikia nyundo. Wengine walipata feza, wengine walizikwa mule mule. Mwaka 2017 sehemu moja ya mtaa ikahamishwa, ikazungushwa ukuta, ikawa fasi ya kuchimba. Mtaa ulikufa mara mbili: kwanza kwa mikono yetu wenyewe, halafu kwa ukuta.

Cité Gécamines, pamoja na Musonoi, ni hadithi nyingine. Pale haikuwa kishimo cha jirani, ilikuwa mgodi mkubwa unaopanuka na kukaribia nyumba. Mu Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la haki za binadamu la hapa hapa Lualaba walitoa ripoti juu ya watu wanaohamishwa mu Kolwezi na pembeni yake. Waliandika kama Cité Gécamines ina watu karibu 39,000. Ule ni mtaa wenye maji ya robine, umeme, masomo, hopitali karibu. Mu inchi ambayo watu wengi hawana hata kimoja kati ya vile, mtu anaambiwa: chukua feza, ondoka.

Namna gani feza ile inahesabiwa? Mtu anakuja na karatasi. Anaandika vyumba vingapi. Ukuta wa matofali ya kuchoma ao ya udongo. Mabati mangapi. Miti mingapi. Anapiga hesabu, anaonyesha fasi ya kutia sahihi. Na inaombwa nyumba kwa nyumba, kila baba peke yake, kila mjane peke yake.

Tuchukue mama wa mandazi tuliyemtaja. Karatasi inaandika: vyumba vitatu, mti moja wa avoka. Wateja wake arobaini ambao wanajua kama mandazi yake inatoka saa kumi na mbili asubuhi, hawamo. Deni alizotoa, ambazo watu watamlipa mwisho wa mwezi kwa sababu wanamuona kila siku, hazimo. Likelemba yake ambayo zamu yake inafika mwezi wa tisa, haimo. Masomo ambayo watoto wanafika kwa miguu, haimo. Jirani anayemchungia mtoto wa mwisho wakati anakwenda kununua unga, hayumo. Anapelekwa ao anajipeleka mbali, fasi ambayo lupango ni bei rahisi kwa sababu hakuna maji na hakuna barabara. Kule, siku ya kwanza, anatengeneza mandazi. Nani atanunua kwa deni kwa mtu asiyejulikana? Nani atamkopesha?

Kwa karatasi amelipwa. Kwa kweli amekuwa maskini kuliko jana, na yeye mwenyewe hajui kueleza kwa nini, kwa sababu feza aliipokea. Miezi michache feza imeisha, watu wanamcheka: "Alikula feza ya nyumba." Hapana. Alilipwa ukuta. Mji haukulipwa.

Ndiyo maana tunasema mji mdogo ni mali. Mtu akiulizwa faida yake akajibu tu "kuko utulivu, kuko hewa nzuri", ataonekana kama mtu anayebembeleza. Hewa yenyewe hapa iko na vumbi. Lakini akijibu kwa hesabu, deni ngapi, zamu ngapi, dakika ngapi mpaka ku masomo, makaburi ya nani yako karibu, pale anayekuja na karatasi atalazimika kuketi.

Tufanye nini

Hatupendi kusema maneno makubwa halafu watu warudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na yote mtu anaweza kuyaanza juma hili bila feza.

Moja. Kila mtaa uwe na daftari. Vijana wawili ao watatu kwa barabara, wanaojua kuandika na wanaoaminika, wanawake wawemo. Mule waandike kile karatasi ya kampuni haiandiki: nani anauzisha nini na kwa wateja wangapi, likelemba ngapi zinatembea, watoto wangapi wanakwenda kwa miguu ku masomo gani, mashamba yako wapi na yanatoa mifuko mingapi, mzee gani anatunzwa na majirani. Mambo ya siri ya nyumba yasiandikwe. Na kabila lisiandikwe hata mara moja, kwa sababu ya ile 1993. Daftari lifanywe kopi, zichungwe fasi mbili.

Mbili. Mtu asitie sahihi peke yake. Katiba yetu ya 2006, artikle 34, inachunga mali ya kila mtu. Serkali haiwezi kuitwaa isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotolewa mbele, si nyuma. Na reglema ya migodi ya 2018 ina sehemu nzima juu ya kuhamisha wakaaji, ambayo inataka waulizwe mbele ya kuhamishwa. Kuulizwa nyumba kwa nyumba usiku si kuulizwa. Barabara nzima iketi, isome karatasi pamoja, iulize pamoja. Na kama kuhama kumekuwa lazima kabisa, ombi la kwanza liwe hili: tuhame pamoja, jirani na jirani wake, masomo na dispanseri zitangulie, maji yatangulie, ndipo watu wafuate.

Tatu. Tuandike. Artikle 27 ya Katiba inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi la maandiko kwa mkubwa wa serkali, peke yake ao pamoja na wengine, na mkubwa anapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Wengi hawajui ile miezi mitatu. Andika tarehe, shika kopi yenye muhuri wa mapokezi, hesabu siku. Ulizo la kwanza liwe rahisi: ile 15 kwa 100 ya komini yetu, mwaka uliopita ilikuwa ngapi na ilijenga nini? Tukipata jibu, tunavaa viatu, tunaenda kuangalia. Tusipopata, siku ya 91 tunarudi pale pale na kopi mkononi, kwa amani, watu wengi zaidi.

Ine. Hili ni la wale wanaoondoka. Nendeni, tunawaombea heri. Lubumbashi ni kilometa karibu 300, si mwezi. Mukisoma sheria, murudi likizo mtusomee mikataba. Mukisoma hesabu, mtusaidie kusoma bajeti ya komini. Mukisoma uganga, mnajua dispanseri zetu. Mwenye kwenda na jina la mtaa wake hajaupoteza. Lakini anayekwenda akisema "kule kwetu hakuna kitu", huyo amemsaidia mwenye karatasi kuandika ziro.

Neno la mwisho kwa wazee

Baba zetu wa Gécamines, ninyi mliona mji mdogo ukitolewa kama zawadi, halafu ukanyanganywa kama zawadi. Kitu kilichopewa bure kinaweza kurudishwa bila kuulizwa. Sisi hatuombi zawadi tena. Maji ya robine, masomo karibu, kiwanja cha mupira, mti wa avoka: tunavitaka kama haki ya raia, vyenye hesabu na vyenye sahihi ya komini chini yake.

Shaba na kobalti zitaisha siku moja. Wengine wanasema miaka 20, wengine 50, kila mmoja na hesabu yake. Mashimo yatabaki, yatajaa maji ya mvua. Kama siku ile majirani wa Musonoi, wa Kapata na wa Luilu watakuwa bado wanajuana kwa majina, Kolwezi itakuwa mji. Kama watakuwa wametawanyika mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake ya malipo mu mfuko, itakuwa shimo tu.

Daftari zinauzishwa ku soko la Manika. Nunueni moja moja, mwanze na barabara yenu.